Tela la Kuchukulia Trekta Dogo

Si ajabu siku hizi kuona wakulima wa kijiji wamechanga fedha wakanunua trekta dogo. Ni jambo jema. Lakini trekta likitakiwa kulima leo bondeni na kesho ng'ambo ya mlima, halina budi kupakiwa. Hapo ndipo wengi huhesabu bei ya tela, wakasahau kuhesabu uzito.

Mimi ni karani wa parokia, na nusu ya kazi yangu ni kuwasomea watu karatasi zao. Mwaka jana kikundi kimoja cha hapa kwetu kiliniletea kitabu cha trekta lao pamoja na kitabu cha pikapu ya kulikokota. Fundi mmoja alikuwa tayari kuwaundia tela la ekseli moja, bila breki, kwa bei nafuu. Tukakaa tukajumlisha. Trekta kilo 1,100. Jembe lake na mafuta kilo 250. Tela lenyewe kilo 650. Jumla kilo 2,000. Kitabu cha pikapu kilisema hivi: tela lisilo na breki, mwisho kilo 750, lenye breki zake, mwisho kilo 2,500.

Mzee mmoja akasema, "Lakini gari lina nguvu, litavuta tu." Ni kweli, litavuta. Ila kuvuta ni jambo moja, na kusimamisha ni jingine. Mteremkoni kilo 2,000 husukuma gari kutoka nyuma, na huko mbele kuna watoto watokao shule.

Basi wakangoja mavuno mengine, ndipo wakanunua tela la ekseli mbili lenye breki. Walionung'unika walikuwapo, wala hawakuwa wajinga: kungoja msimu mzima ni mzigo kwa mwenye shamba dogo. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kusema.

Ukichagua tela, angalia haya. Kwanza, kibao chake: uzito ulioandikwa upite jumla yako, tela likihesabiwa pia. Pili, kiungo cha kukokotea na tairi viweze uzito huo. Ekseli mbili zafaa zaidi, kwa kuwa tairi moja ikipasuka, nyingine husaidia kubeba. Tatu, sakafu iwe ndefu, ili trekta liweze kusogezwa mbele au nyuma. Yapata sehemu moja katika kumi ya jumla hutakiwa kulalia kiungo, mradi isipite kiasi alichoandika mwenye kiwanda. Trekta likikaa nyuma mno, tela huyumba huku na huku. Hapo dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aachie mafuta polepole na kushika usukani sawasawa.

Nne, pembe zote ziwe na pete imara. Trekta lifungwe kwa minyororo minne, breki yake imekazwa, jembe limeshushwa sakafuni. Baada ya mwendo mfupi simama ukaze tena, maana minyororo hulegea. Na mtu yeyote asipande juu ya tela, hata kwa kilometa moja.

Ikiwa shamba li karibu, trekta liende kwa magurudumu yake, mchana, taratibu. Ikiwa ni mbali, nawe husomi vitabu vya namna hii, mpelekee anayevisoma kabla hujatoa fedha. Hesabu ya nusu saa haina gharama.