Barua kutoka Bedford: Nani Atasimama Langoni?

Wapendwa wa nyumbani, Meru hadi Embu,

Nawaandikia kutoka Bedford, mji wa Uingereza ambao gereza lake liko karibu na soko. Kila nikipita pale humkumbuka binamu yangu aliyefungwa Embu miaka sita kwa wizi.

Katika mji huu ndipo alipofungwa John Bunyan, mwandishi wa Safari ya Msafiri. Aliingia mwaka 1660 kwa kuhubiri bila idhini, akakaa miaka 12 akitengeneza kamba za viatu ili watoto wake wale. Lakini linalonigusa zaidi ni hili: Januari 1672, kabla hajaachiliwa, waumini wenzake walimchagua awe mchungaji wao. Alipotoka alikuta kiti chake kimewekwa.

Binamu yangu hakuwekewa kiti. Ndani alibatizwa, akaimba kwaya, akajifunza useremala na kufaulu mtihani wa ufundi. Alirudi kwao Runyenjes na cheti kwenye bahasha. Jumapili ya kwanza aliketi benchi la nyuma kanisani, na mama mmoja akauvuta mkoba wake akaupakata. Hakuna aliyemtukana. Mkoba ule ulitosha. Mwaka mzima hakukanyaga tena kanisani. Akaomba kazi ya usoja, akaambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi. Unalipa ada, unachukuliwa alama za vidole, na hukumu uliyokwisha kuitumikia inajitokeza tena.

Aliyemwokoa ni mwenzake waliyevaa pamoja kunguru, sare ya wafungwa. Huyo alitangulia kutoka, akafungua kibanda cha useremala Meru, upande wa Gakoromone. Alimtumia nauli. Binamu akapanda matatu, akapita Chuka, akavuka daraja la Nithi, akapita Nkubu, na jioni akakuta godoro limetandikwa kati ya mbao.

Kila asubuhi, kabla randa haijagusa ubao, wanaume wanne waliotoka ndani husimama juu ya maranda ya jana na kuomba. Huwataja kwa majina wenzao waliobaki gerezani, na tarehe zao za kutoka. Tarehe ikifika, mmoja wao huacha kazi siku hiyo akaenda kusimama langoni. Nilimuuliza binamu kwa simu kwa nini wanapoteza siku nzima ya kazi. Akanijibu, "Wewe hujui lango lile lilivyo ukitoka na hakuna mtu."

Sisemi kosa lake lilikuwa dogo. Bunyan hakumwibia mtu. Binamu yangu aliiba, na aliyeibiwa ni jirani yetu hadi leo. Alikwenda kwake na wazee wawili, akakiri, na sasa anamlipa kidogo kidogo kutokana na meza na milango anayoitengeneza. Hili si geni kwetu. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilimtoza mkosaji mifugo, na kesi ikawa na mwisho.

Lakini sisi tumezoea kesi isiyokwisha. Afisa wa probesheni hufika kijijini mfungwa wa muda mrefu anapofikiriwa kupunguziwa adhabu, akawauliza chifu, majirani na jamaa wa aliyekosewa: akirudi, mtampokea? Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, wengi walirudi mahakamani na swali hilo likafika vijiji vingi. Jibu lenu lina uzito mkubwa kuliko mnavyodhani.

Huku Uingereza wapo waliojibu ndiyo: kuna kampuni ya Timpson, inayorekebisha viatu na kuchonga funguo. Takriban mfanyakazi mmoja kati ya kumi alitoka gerezani, na watu huwakabidhi funguo za nyumba zao. Aliyekuwa akiiongoza, James Timpson, aliteuliwa waziri wa magereza Julai 2024.

Wachungaji, mapadri na vikundi vya wanaume, ninawaomba. Mnakwenda magereza ya Embu na Meru kuhubiri, na mnafanya vyema. Mkimaliza, waulizeni viongozi wa dini walio mle ndani: nani anatoka mwezi huu, na hana wa kumpokea? Mtumeni mtu mmoja asubuhi hiyo, na nauli, na chakula cha moto.

Mwezi ujao binamu yangu atakuwa langoni Embu, kuna mtu anatoka. Mmoja wenu aende akasimame naye.