Mchagua Jembe na Msanifu wa Michoro

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mvivu anayesingizia zana. Hata hivyo, ipo kazi ambayo jembe lake hubadilika kila uchao, na mkulima wake hana budi kujifunza upya namna ya kulishika. Kazi hiyo ni usanifu wa michoro, na mfano wake mwafaka ni mchoraji mmoja wa Nairobi aliyeanza na brashi.

Mchoraji huyo alijipatia riziki kwa kuandika majina ya maduka kutani na kupamba matatu. Zana zake zilikuwa penseli, rula, mikebe ya rangi na uzi uliopakwa chaki wa kupigia mistari. Hakufundishwa na yeyote kanuni za nafasi baina ya herufi. Jicho lake lilizitambua. Alijua kuwa A na V zikitenganishwa sana huacha pengo kama la jino lililong'oka, na kwamba O sharti ivuke mstari kidogo isije ikaonekana ndogo kuliko wenzake.

Mwaka 2004, kanuni za usalama barabarani, ambazo umma ulizibatiza Sheria za Michuki, ziliagiza matatu zipakwe utepe wa manjano. Michoro ikapungua ubavuni mwa magari, na mabango nayo yalikuwa yakihamia kwenye mashine za kuchapisha. Mtu mwenye watoto wa kulisha hangeweza kukaa kitako akiililia brashi. Akajiunga na darasa la jioni la tarakilishi.

Siku za mwanzo zilikuwa za fedheha. Mkono uliozoea kuvuta mstari kwa mkupuo mmoja sasa ulitakiwa kubonyeza kipanya, kuweka nukta hapa na pale, kisha kuvuta vipini ili mstari upinde. Vijana waliomaliza shule juzi walimwacha nyuma. Kazi yake ya kwanza ilikataliwa na mteja, kwa kuwa rangi zilizomeremeta kwenye kiwambo zilitoka zimefifia karatasini. Ndipo alipojifunza kwamba kiwambo huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapisha hutumia wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi. Somo hilo halikuwa geni kabisa: tangu zamani alijua kuwa rangi ya mkebeni si rangi ya ukutani.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa lugha. Programu zilimwamrisha kwa Kiingereza, na kikagua tahajia kilipigia takriban kila neno la Kiswahili mstari mwekundu, kana kwamba lugha nzima ilikuwa kosa. Neno "wanafunzi" lilipofika mwisho wa mstari lilikatwa baada ya n ya kwanza, ingawa silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu. Fauka ya hayo, violezo vilivyokuja na programu vilibuniwa kwa maneno mafupi, ilhali Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kitendo katika neno moja. "Tutawahudumia" lina herufi 13 na halina mahali pa kupumulia. Alipolibana ili litoshe, nguzo za herufi zilikonda na neno likadhoofika.

Suluhisho hakulipata katika kitabu cha programu, bali kwenye kanga. Katika vazi hilo, baina ya mji na pindo, huandikwa jina: sentensi nzima, aghalabu kwa herufi kubwa, katika mstari mmoja ndani ya fremu yake. Wabunifu wa kanga walikuwa wamekabiliana na urefu wa maneno ya Kiswahili kabla ya tarakilishi kuingia dukani. Akaacha kuyabana maneno. Akalitengea neno refu upana wote wa bango na kuipanga picha ilifuate. Hatimaye alianza kuandika kwa brashi karatasini, kupiga picha maandishi hayo, kisha kuyafuatiza kwa nukta na vipini. Brashi ikawa imerejea kupitia mlango wa kipanya, na wateja wakaanza kuutambua mkono wake.

Tangu mwaka 2022 programu za akili unde zinazochora picha kutokana na maneno zimewafikia watu wengi. Matoleo yake ya awali yaliyavuruga sana maandishi. Msanifu wa aina hii hazikimbii wala hazisujudii. Huziuliza swali alilojifunza kuuliza zamani: zana hii haijui nini kuhusu lugha yangu na wasomaji wangu? Jibu la swali hilo ndiyo kazi iliyomsalia kuifanya.

Kwa hivyo methali ya wahenga ingali na uzito wake. Jembe jipya hustahili kujifunzwa, hata kwa fedheha. Ila jembe halijui shamba. Anayelijua ni mkulima.