Ng'ombe Nao Wahesabiwe

Mgeni akisimama Musoma mjini na kuona Ziwa Victoria lilivyotanda, hushangaa kusikia kwamba kazi yangu ni kupanga miradi ya maji mkoani Mara. Ningependa asafiri mwezi Agosti kwenda vijiji vya Butiama, au vya Bunda vilivyo mbali na mwambao. Atakuta akina mama wamepanga madumu kando ya shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakisubiri maji yajikusanye. Na wa mwambaoni, anayechota ziwani kwa ndoo, anachota pamoja na hofu ya kichocho na mamba.

Shida yetu ni kimo. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi inapanda kadiri unavyoelekea Butiama. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 100 hula karibu nusu uniti ya umeme, ukihesabu na unaopotea kwenye pampu. Fanya hivyo usiku na mchana, mwaka mzima, utaelewa kwa nini kwenye mkutano wa kijiji naanza na umeme kabla ya kutaja bomba: ankara italipwa na nani, na ndoo ya lita 20 itauzwa bei gani? Nimeona vituo vya kuchotea vimekauka huku pampu ikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu deni la umeme limewashinda watumiaji.

Jambo la pili ni mifugo, na hapa ndipo ninapobishana sana na wenzangu. Kiwango chetu vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kiwe ndani ya mita 400, kihudumie watu 250. Ng'ombe mmoja naye huhesabiwa lita 25, sawa na punda 2 au mbuzi 5. Sasa chukua kijiji cha watu 3,000 na ng'ombe 2,000, jambo la kawaida kwetu. Watu wanahitaji lita 75,000 kwa siku, ng'ombe lita 50,000. Ukiwaacha ng'ombe nje ya hesabu, mradi unaonekana nafuu kwenye makaratasi. Kiangazi kikikaza, mfugaji hatatazama kundi lake likifa na bomba linapita mbele yake. Litatobolewa. Mimi simwiti huyo mhujumu. Mpango ndio uliomsahau. Mbauti ya kunyweshea ijengwe mbali kidogo na kituo cha watu, na bei yake ijulikane mapema.

Visima virefu vina nafasi yake, ila maji yapimwe kwanza. Sehemu za Mara zina floridi nyingi ardhini, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Nchi hii ilianza zamani kupeleka maji vijijini. Mwaka 1971 Serikali ilizindua mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu naye ifikapo 1991. Baadaye mradi wa HESAWA, kwa msaada wa Sweden, ukachimba visima vifupi Mara, Mwanza na Kagera. Leo tuna mradi mkubwa wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliopangwa kuzalisha lita milioni 35 kwa siku, kwa fedha za Serikali, benki ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudi. Ninaufurahia kwa moyo wote. Lakini bomba kuu halimnyweshi mtu; kinachomnywesha ni mtandao mdogo wa kijijini na kamati inayokusanya fedha kwa uaminifu.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti wa kijiji, mtaalamu akikuletea ramani, usikimbilie kutia sahihi. Itisha mkutano mkuu, waite akina mama na wafugaji, umtake aoneshe mbele yao gharama ya umeme ya mwezi mmoja na idadi ya ng'ombe aliowahesabu. Kama hana, arudi akahesabu.