Baiskeli ya umeme, mji wa Musoma, na jibu nililomwambia binti yangu

Najua wengi mnafungua kwangu kutafuta mishono, na mshono upo, ila leo utakuja mwishoni. Mwanzo nina jambo la kukiri.

Binti yangu ana miaka 13. Alipoanza kidato cha kwanza aliniomba baiskeli. Skuli, kama mnavyosema hapa Unguja, iko mbali na nyumbani, na daladala mnazijua: kondakta akiona sare anaangalia pembeni. Nikamjibu vile nilivyojibiwa mimi nikiwa na umri kama wake. Baiskeli si ya mtoto wa kike. Akauliza kwa nini. Nikasema inaharibu. Akauliza inaharibu nini. Nikamtoa jikoni akafue.

Msinicheke, wengi tumekuzwa na maneno hayo. Tuliambiwa tandiko la baiskeli linamtoa msichana usichana wake, na siku ya harusi utaulizwa utajibu nini. Mimi sijawahi kupanda baiskeli maisha yangu yote. Nimezaa, nimefungua duka la ushonaji, nina mafundi wawili chini yangu, na bado nilikuwa nikiiona baiskeli kama kitu kitakachonivua nguo barabarani.

Kwetu ni Bunda, mkoa wa Mara. Unguja nimeletwa na ndoa. Likizo ya Desemba nilimchukua binti tukaenda kumwona mama yangu, boti hadi Dar, halafu basi mpaka miguu ikavimba. Goti langu la kulia lina matatizo kwa sababu ya miaka ya kukanyaga cherehani. Nyumbani Unguja nina mashine ya mota sasa, lakini goti halisahau. Mama alipotaka twende Musoma kumtembelea ndugu yake nilisema nitakaa kwenye kiti, wao watembee.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyevuruga mpango huo. Anafanya kazi na kijana mwongoza wageni pale Musoma mwenye baiskeli tatu za umeme. Wageni wanaopita kwenda Serengeti wakilala Musoma usiku mmoja, anawazungusha mjini asubuhi. Siku ile hakukuwa na wageni. Mpwa akasema, "Mama mdogo, twende. Goti lako halitafanya kazi yoyote."

Nikamwambia Musoma naijua. Akacheka. Na kweli, nilipojiuliza nakijua nini, nilikuta najua stendi, soko na hospitali. Mtu wa Bunda anakwenda Musoma akiwa na shida, anarudi.

Niwaeleze hiyo baiskeli. Ukiiona kwa mbali ni ya kawaida, ila gurudumu la nyuma lina mota ya duara katikati, na kwenye fremu kuna betri kama boksi refu unayoweza kuichomoa ukaenda kuichaji ndani. Unakanyaga pedali, mota inahisi, inakusaidia. Ukiacha kukanyaga nayo inaacha. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuongeza au kupunguza msaada. Haina moshi wala kelele. Mwongozaji alisema kuijaza betri haifiki uniti moja ya LUKU, ni kama nusu tu. Mimi mfanyabiashara nikapiga hesabu papo hapo: hazifiki shilingi mia mbili. Bodaboda ya kwenda na kurudi sokoni ni zaidi ya hapo.

Tukagawana. Mwongozaji mbele. Mimi nyuma ya mpwa wangu, kwenye kiti cha abiria chenye vishikio (ni mpwa wangu wa damu, kwa hiyo wale wa kuuliza msiulize). Baiskeli ya tatu nikasema ibaki. Binti akasema, "Mimi nitaiendesha." Nikamwambia hujui. Akapanda, akaondoka.

Dada zangu, alikuwa anajua. Alijifunza kwa binamu zake Jambiani, likizo iliyopita, akanificha mwaka mzima. Nilikaa pale nyuma ya mpwa wangu nikitazama mgongo wa mwanangu ukienda mbele, sikujua nimpigie kelele au ninyamaze. Nikanyamaza kwa sababu barabara ilikuwa na watu.

Musoma si Mji Mkongwe. Msitegemee milango ya nakshi. Ni mji uliokaa kwenye ncha ya ardhi, maji ya Ziwa Victoria pande zote isipokuwa moja, na mawe makubwa yamebebana utadhani mtu aliyapanga. Utamu wake uko pembeni, na pembeni gari haliingii. Tulipita nyuma ya maduka ya zamani yenye baraza, tukapanda upande wa mlima Mukendo. Pale mota ilinionyesha kazi yake. Mpwa amenibeba mimi, na mimi si mwembamba, lakini alikuwa anapanda huku anaongea. Juu unaliona ziwa lote, na ng'ambo ile ndiyo Kinesi, wanakovuka kwa maboti.

Kitu kilichonishangaza ni bandarini. Musoma haina reli. Haijawahi kufikiwa na treni. Lakini bandari yake ina gati lililojengwa kupokea mabehewa ya treni yaliyoletwa juu ya meli, meli kama MV Umoja, kutoka Mwanza na Kisumu. Reli inatoka majini, inafika nchi kavu, inaishia hapo hapo. Nimekulia mkoa huu huu na sikuwahi kuambiwa. Binti alisema ni kama ngazi ya kwenda kwenye nyumba ambayo haijajengwa.

Halafu MUTEX. Hapa niliomba tusimame. Mara ni mkoa wa pamba. Baba yangu alilima pamba Bunda, na mimi nimelala juu ya marobota nikiwa mtoto. Pamba hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo hapa hapa Musoma, enzi za mashirika ya umma. Ilichambuliwa mkoani, ikasokotwa na kufumwa mkoani. Kisha mashine zikanyamaza. Leo ninaponunua kitambaa Darajani ninasoma pembeni kimetoka China au India, na pamba ya kwetu inapakiwa kwenda kufumwa na wengine. Nilisimama pale nje ya ukuta mpaka mpwa akaniuliza kama goti linauma.

Mkasa ulitokea Mwigobero. Ni mwaloni na soko, maboti yanashusha samaki, dagaa wameanikwa, wanawake wana ndoo na mizani na midomo isiyochoka. Nilikuwa nimevaa baibui langu zuri la krepu, lile la marinda madogo kwenye mkono. Tukiwa katikati ya watu, pindo likaingia kwenye mnyororo. Mpwa akakanyaga mara moja zaidi, na nikasikia sauti ambayo fundi yeyote anaijua. Limepasuka kutoka pindoni mpaka karibu na goti.

Basi ndiyo ile aibu niliyoogopa maisha yangu yote. Ilikuja na ikachukua kama dakika mbili. Mama mmoja muuza dagaa akanivulia kanga yake ya juu akanifunga kiunoni bila kuuliza jina. Mwingine akaonyesha kwa mkono: fundi yuko pale chini ya mwavuli.

Alikuwa mama mtu mzima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leta hilo." Nikamwambia na mimi ni fundi, akanitazama kidogo, akasogea, akanipa kiti chake. Nikashona mwenyewe, kwa mguu wa kushoto, wakati yeye anashika kitambaa. Tuliongea bei za uzi, na wateja wanaolipa nusu kisha wanahama mtaa. Nikamuuliza kuhusu MUTEX. Akasema mume wake alifanya kazi kule, na kiwanda kiliposimama yeye ndiye aliyetoka na cherehani hii kuja kukaa hapa, na watoto wamesoma. Hakusema zaidi. Hela yangu aliikataa. Nikanunua zipu tano nisizozihitaji.

Kanga nikairudisha. Mwenyewe akaniambia, akimtazama binti yangu, "Huyu anaendesha vizuri. Angekuwa wangu angenichukulia ndoo." Hakuna aliyesema neno lingine juu ya msichana na baiskeli. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu.

Njiani kurudi tukapita Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Mwongozaji akasimulia alivyotoka Butiama, kama kilomita 40, kwa miguu, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki ambaye mpaka hapo alikuwa anachunga tu. Husimuliwa kwamba chifu wa jirani alimwona akicheza bao, akamwambia baba yake huyu mtoto mpeleke shule. Sisi visiwani tunamjua zaidi kwa ile picha ya kuchanganya udongo wa Muungano, 1964. Binti akasema sasa anataka kuona alikoanzia kutembea.

Kwa hiyo keshokutwa yake tukaenda Butiama, safari hii na mama yangu, kwa gari, kwa sababu betri isingetosha kwenda na kurudi. Unakata kona Kiabakari. Pale Mwitongo pametulia, mawe na miti, pimbi wanakimbia juu ya mawe bila kujali wageni. Tukaona makumbusho, tukaona kaburi lake na ya wazazi wake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nakumbuka walimu wakilia. Mimi nilimfikiria zaidi Mama Maria. Mume alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, mshahara ulikatika, na yeye akaendesha duka dogo Magomeni. Hilo nalielewa vizuri kuliko hotuba.

Tukakaa chini ya mti kula mihogo. Mama yangu akamwambia mjukuu wake, "Mama yako naye alitembea. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, miaka minne."

Ni kweli. Nilikuwa nachelewa namba, nachapwa, nasinzia kipindi cha hesabu, na matokeo ya kidato cha nne mnaweza kuyakisia. Ndiyo nikaenda chuo cha cherehani. Sijuti, lakini cherehani sikuichagua.

Binti akauliza, kwa heshima kabisa, "Bibi, kwa nini mama hukumpa baiskeli?"

Mama akakung'uta maganda kwenye kanga. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ilikuwepo moja, ya babu yako, ya kubebea pamba. Ya pili hatukuwa na hela. Ningemwambia sina hela angemwendea baba yake, na baba yake angeuza mbuzi tuliowaweka kwa ajili ya ada. Nikamwambia ni aibu. Neno la aibu mtoto haliulizi mara mbili."

"Na ile ya kuharibu?" nikauliza mimi.

"Hiyo niliisikia kisimani," akasema. "Ilinifaa."

Sikukasirika. Nilitaka kukasirika lakini nilimwangalia mikono yake nikashindwa. Miaka zaidi ya 20 nimebeba hukumu ambayo ilikuwa ni bei ya baiskeli, nikaichukua nikavuka nayo bahari, nikampa mwanangu, na mimi hela ninayo. Binti hakusema kitu. Alimmenyea bibi yake muhogo mwingine.

Usiku ule Bunda niliazima cherehani ya jirani. Huu ndio mshono niliowaahidi. Ni sketi-suruali. Chukua mita tatu za kitambaa kizito kisicho na mvuto, jinzi laini inafaa, krepu hapana, mmeshaona kilichonipata. Kata kama suruali pana sana, miguu yote miwili, msamba uushushe kidogo ili ukikaa usivute. Kisha weka rinda moja kubwa mbele katikati na moja nyuma, yafunike mgawanyiko. Ukisimama ni sketi. Ukipanda inafunguka kila upande inabaki imekusitiri hadi kwenye kifundo. Pindo lisivuke kifundo, na upande wa kulia, upande wa mnyororo, tia kifungo cha kubana. Piga overloki mara mbili kwenye msamba. Juu vaa dera fupi au koti la mapajani.

Siku ya kuondoka nikaivaa, nikawaambia wanipeleke Makoko, ambako barabara ni tulivu na ziwa liko karibu. Mpwa akashika tandiko, binti akashika usukani, mwongozaji akaweka msaada wa mota kwenye namba ya chini kabisa. Nilikanyaga. Goti halikulalamika. Nilikwenda labda hatua kumi na tano, nikapiga kelele, nikaanguka kwenye majani, sketi ikanisitiri. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili nilifika hatua thelathini.

Tumerudi Unguja. Nimezungumza na baba yake. Mwanzo alisema watu watasemaje, nikamsimulia habari ya mbuzi wa ada. Jana ameniuliza kwa simu baiskeli ya mtumba ya kawaida, isiyo ya umeme, inauzwaje Darajani. Nimemtumia bei, na nikamwambia iwe na kava la mnyororo.