Gobori la Kiganjani: Safari ya Kibwezi

Marehemu baba aliacha kabati dogo la kioo katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Ndani yake zimepangwa bunduki saba za kale, kila moja haizidi urefu wa kiganja. Mbili alizinunua Maskati, mfano wa bunduki za fatila za wazee wa Oman, zimevishwa pete za fedha. Hazipigi, wala hazikuundwa zipige. Baba alizipenda kwa ustadi wake na kwa kumbukumbu zilizobeba. Alizoea kutuambia kwamba kabati lake lina pengo moja: gumegume, gobori walilochukua walinzi wa misafara ya pwani walipoelekea bara. Akafariki pengo lingali pale pale.

Likizo iliyopita nilimchukua mwanangu wa miaka kumi, tukapanda gari moshi la Mombasa hadi Kibwezi. Mahali hapa palikuwa kituo cha wasafiri kabla ya reli. Mwaka 1891 wamishonari wa Kiskoti walifungua kituo chao hapa, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Upande mmoja imesimama milima ya Chyulu, na kwenye nchi kavu mibuyu imetanda kama wazee barazani.

Tena, Ukambani ndiko kwenye wachongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, akaurudisha kwao. Wanafunzi wa ufundi huo tunawajua: ndio walioanzisha chama cha ushirika Changamwe mwaka 1963.

Mchongaji tuliyempata alikuwa mzee mpole. Nilimwonyesha mchoro wa baba, nikamweleza: baruti humiminwa kinywani mwa mtutu, risasi hushindiliwa kwa ufito, kisha jiwe la gumegume hugonga chuma, cheche zikawasha baruti. Alisikiliza, akachagua kipande cha mwarobaini. Muhugu, alisema, umekatwa mno. Heri kuuacha uote.

Tulilala kwa wenyeji wetu. Kesho yake alasiri alitukabidhi kitambaa kilichofungwa. Gobori lilikuwa na kila kitu, hata ufito mwembamba unaochomoka mahali pake. Lakini kando yake palikuwa na upinde mdogo, na mshale mfupi kuliko njiti ya kibiriti.

“Mzee, upinde sikuuagiza,” nikamwambia.

“Najua, mama. Lakini msafara wenu haukupita mahali patupu. Wenye bunduki walikutana na wenye upinde. Ukiweka kimoja, huyu mtoto ataijua nusu ya habari.”

Nilinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa mishale ya sumu, na wafanyabiashara pia: katika miaka ya 1840 Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Na katika misafara ya zama zile, si pembe tu zilizochukuliwa. Wamo wanadamu waliotembezwa shingo zikiwa zimefungwa, na magobori ndiyo yaliyowalinda wasitoroke. Kabati la baba halikuwa na alama yao hata moja.

Ndani ya gari moshi mwanangu alilishika gobori, akanielekezea kwa mzaha. Nikamshusha mkono taratibu. Nikamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mchezo.

“Hata hii ya mti, mama?”

“Hata hiyo. Mkono huzoea.”

Sasa pengo la baba limejaa. Gobori na upinde vimelala pamoja, na mwanangu ndiye anayewasimulia wageni. Akina mama wenzangu, wengi wetu tuna majambia, mikuki au picha za wazee ukutani. Tuwaeleze watoto vilitengenezwaje na nani, kisha tuwaeleze pia ni nani aliyesimama upande wa pili. Tusipowaeleza, kabati litawafundisha kujivuna tu.