GOMBE AU MAHALE? Likizo ya familia mwisho wa reli

Wenzetu wa Marekani wakitaka kuwapeleka watoto likizo, ubishi wao ni Disney ya California au ile ya Florida. Sisi huku panya wa kuchezea mwenye masikio makubwa hatunaye, lakini ubishi tunao, tena mkali. Fika Kigoma na familia, hujakaa hata hujanywa maji, mwenyeji wako atakuuliza: "Sasa shemeji, mnakwenda Gombe au Mahale?"

Usijibu haraka msomaji wangu. Hapo pana pesa yako, pana likizo yako ambayo mwajiri haongezi hata siku moja, na pana watoto ambao wameshawatangazia wenzao shule nzima kwamba wanakwenda kuwaona sokwemtu. Ukichagua ovyo utarudi nyumbani na madeni na minuno.

Wiki hii basi tuwekane sawa.

NDUGU WAWILI, TABIA MBALIMBALI

Hifadhi zote mbili ziko kandokando ya Ziwa Tanganyika, zote ni maskani ya sokwemtu, na zote unatembea kwa miguu. Habari ya kukaa kwenye gari huku unachungulia dirishani isahau, hizo ni za Mikumi na Serengeti. Hapa ni kijasho, mizizi, na kupanda mlima.

Lakini ukubwa, mbingu na ardhi. Gombe ni kipande chembamba cha milima chenye kilomita za mraba zisizofika 60, kiko kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma. Mahale ina kilomita za mraba 1,613, yaani karibu mara 30 ya Gombe, na iko zaidi ya kilomita 120 kusini. Gombe sokwe wake ni kama mia moja hivi, Mahale ni mamia kadhaa.

Gombe ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mahale ilisubiri mpaka 1985.

Kwa jina, Gombe ndiyo inayovuma. Huko ndiko alikoshukia binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, tarehe 14 Julai, 1960, akiwa amefuatana na mama yake mzazi. Mwaka huohuo akamwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti. Dunia nzima ikatikisika, maana wataalamu walishazoea kusema mwenye akili ya kutengeneza zana ni binadamu peke yake. Mama huyo alifariki tarehe 1 Oktoba, 2025, akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha haujakatika.

Mahale nako wenyewe wanao. Ni Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, waliopiga kambi tangu 1965. Kabla ya hifadhi, milima hiyo ilikuwa ya Watongwe, na mlima Nkungwe wenye mita 2,462 wanauheshimu kama mahali pa mizimu.

Na hili wasimulie watoto, watalipenda: sokwe nao wana mila zao kama makabila. Wa Mahale wakichambuana manyoya, wawili hushikana mikono juu kama watu wanaosalimiana, kila mmoja akimchambua mwenzake kwa mkono uliobaki. Wa Gombe hawana desturi hiyo. Wa Gombe ni mafundi wa kuvua mchwa kwa vijiti, kundi wanalotembelea watalii kule Mahale hufuata sisimizi wa kwenye miti. Kila mtu na kwao.

NJIANI

Kwanza ufike Kigoma. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1914, na kwa treni kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250, yaani siku mbili hivi ikienda vizuri. Ukiwa na watoto, treni yenyewe ni tamasha tosha: asali ya Tabora dirishani, chumvi ya Uvinza, na abiria ambao mpaka mnafika wameshakuwa ndugu. Mwenye haraka zake apande ndege.

Kwenda Gombe, boti za abiria hutokea Kibirizi, nje kidogo ya mji. Ni maboti ya mbao yenye mashine nyuma, yanayopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga, mpakani na Burundi. Utakaa na magunia, ndoo, kuku na akina mama wenye vichekesho, na kwa saa tatu au zaidi utakuwa umeshaelezwa ukoo wa kila mtu. Boti ya kukodi inakwenda haraka, lakini bei yake shikilia mfuko. Siku ya Jumapili boti za abiria usizitegemee.

Tazama ukutani kwa ziwa mkiwa njiani. Milima ni mikavu, miti imekatwa, mashamba ya mihogo mpaka kileleni. Ghafla msitu unaanza, kijani kama mtu kachora mstari. Hapo ndipo Gombe. Ndiyo maana Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 ilianza mradi wa kupanda miti pamoja na wanavijiji, maana sokwe wamebaki kisiwani, kisiwa cha miti.

Mahale ni hadithi nyingine. Watalii wenye dola huruka kwa ndege ndogo. Sisi wengine ni boti, na boti ya kawaida kutoka Kigoma inakula siku nzima. Wengine hupita barabarani kuelekea kusini, kisha wanamalizia kwa maji. Zamani mzee Liemba ndiye aliyekuwa akishusha watu jirani na hapo usiku wa manane, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuungwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 wasimwachie adui, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Usipange likizo kwa kuitegemea kabla hujauliza bandarini.

Halafu kuna upepo. Likizo ya shule ya mwezi wa sita na wa saba ni kiangazi, njia za msituni kavu, vizuri kabisa. Lakini ndio msimu wa kusi, na kusi la Tanganyika si mchezo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu, na likichafuka linachafuka kama bahari. Kwenda Mahale unalikabili usoni. Kwa hiyo ondokeni alfajiri, na boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, usipande. Mwenye boti akikucheka, mwache acheke. Desemba upepo unapungua, ila mvua inageuza milima kuwa sabuni.

KASHESHE YA WATOTO

Sasa bwana, hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, si Gombe si Mahale. Kila hifadhi ina umri wake, na umri huo uliza ofisi ya hifadhi kabla hujakata tiketi ya treni, siyo ukiwa ufukweni na mtoto analia.

Sababu si ubishi wa askari. Sokwe na sisi vinasaba vyetu vinafanana kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo magonjwa yetu wanayapata, kinga yetu hawana. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na mikono isiyofanya kazi. Mwaka 2006 ugonjwa wa mafua makali uliua sokwe Mahale. Ndiyo maana unawekwa umbali wa mita kumi, muda wa kuwatazama ni saa moja, kula mbele yao ni marufuku, na Mahale utavaa barakoa. Mwenye mafua haingii.

Kwetu hili lilitukuta. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, kifungua mimba wa kike mwenye miaka 16, na wadogo zake wawili, ambao tulijua tangu nyumbani kwamba watabaki ufukweni. Ubishi wa nyumbani ulikuwa mkubwa. Mama watoto alitaka Mahale, kaona picha za mchanga mweupe na mlima unaotumbukia majini. Mimi Mahale nilishafika na wenzangu wa kazi, najua uzuri wake na najua bili yake. "Baba watoto, kwa hiyo uzuri ni wako peke yako?" akaniuliza. Swali gumu hilo. Tukapiga hesabu ya siku, ya pesa, na ya wale wadogo wawili ndani ya boti kutwa nzima. Gombe ikashinda.

Tukalala Gombe. Alfajiri, binti akaamka anapiga chafya. Kiongozi wetu, kijana mpole, akamtazama, akasema, "Dada, leo hapana." Binti ambaye kwa miezi mitatu alikuwa anasoma habari za Flo na watoto wake. Flo ni yule jike maarufu aliyekufa mwaka 1972 mpaka gazeti la Uingereza likaandika tanzia yake. Mwanawe Flint, wa miaka minane, akagoma kula na kumfuata mama yake baada ya wiki chache. Binti alikuwa anaijua hadithi hiyo kwa kichwa.

Nilitaka kumbembeleza yule kijana. Kigoma hata wewe ungejaribu, umesafiri siku mbili kwa treni. Binti ndiye aliyenizuia. "Baba, kumbe mafua yangu yanaweza kumuua mtoto wa mtu?" Akasema vilevile, mtoto wa mtu. Akakaa chini mchangani.

Mama watoto akapanda mlimani, mimi nikabaki na watatu wangu. Yapata saa nne kelele zikapasuka huko juu, zile kelele zao za kupandisha, hu, hu, huuu, mpaka ngozi inasisimka. Binti akasimama, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwaona. Siku ya pili nilipanda mimi, nikawaona majike wawili na vitoto vyao, na niliporudi aliniuliza maswali mpaka boti ilipokuja. Nimemwahidi Mahale akimaliza kidato cha sita, na ahadi ni deni.

MFUKONI

Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko mgeni, kwa hiyo kiingilio siyo kitakachokuua. Kinachoua ni boti na kulala. Mahale kuna kambi za kitalii zinazotoza mamia ya dola kwa kichwa kwa usiku mmoja, hizo tuziachie wenyewe. Zipo pia nyumba za hifadhi, kote kuwili, za kawaida na safi. Chakula beba chako kutoka sokoni Kigoma: mchele, maharage, dagaa, mawese. Gombe ukiacha mlango wazi nyani watakupikia wao, ni wezi wakubwa. Na ziwani usitumbukie kabla hujamuuliza mhifadhi, hasa Mahale, maana mamba wapo.

WADOGO NAO WASISAHAULIWE

Wale ambao hawakuona sokwe tuliwapeleka Ujiji, kilomita chache kutoka mjini. Hapo ndipo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Bagamoyo ilipokuwa inaishia, ndipo walipofika Burton na Speke 1858, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone 1871, chini ya mwembe. Mwembe wa wakati ule haupo, ipo miembe mingine iliyorithi kazi ya kivuli, na ndani ya makumbusho wazungu wawili wa sanamu wanavuliana kofia mpaka leo. Kitinda mimba wetu aliwasalimia "shikamooni". Pembeni ya historia hiyo waeleze wanao pia habari za pembe na za watumwa waliopita hapohapo, wasibaki na kofia tu.

Jioni shukeni Katonga kuangalia wavuvi wakijiandaa na taa zao za dagaa. Giza likiingia, ziwa linakuwa kama mji wa pili. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukisafiri miezi hiyo uliza kwanza. Kisha ugali wa muhogo, mgebuka, mawese kwa mbali. Mtoto atakayekataa hapo mpelekeni hospitali.

HUKUMU

Una siku tatu au nne, watoto wa umri mchanganyiko na mfuko wa mshahara: nenda Gombe, bila kujiuliza mara mbili. Una wiki nzima, watoto wameshakuwa wakubwa, na umejichanga mwaka mzima: Mahale, na ukifika chini ya Nkungwe utajua pesa imekwenda wapi. Una wadogo watupu: baki Kigoma na Ujiji, ziwa linawatosha, sokwe watawasubiri.

Lakini popote uendapo, beba dawa ya mafua. Na ikishindikana, bakini ufukweni msikilize.

Safari njema, tukutane wiki ijayo.