Haraka Haina Baraka

Sisi wa Kindu twajua kwamba gari halifiki hapa kwa urahisi: barabara ni mbovu, na mizigo mingi hutegemea reli ya kusini, mto Lualaba na ndege. Ndiyo maana tulipohitaji Land Rover ya zamani kwa safari za kwaya vijijini, tulitafuta kwa simu, kwa muuzaji tusiyemfahamu.

Picha zilipendeza, na bei ilikuwa ndogo mno. Muuzaji akadai nusu ya fedha kwa simu kabla ya jioni, akisema mnunuzi mwingine yu njiani. Tukamwomba mambo mawili: picha ya namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma, tuilinganishe na hati za gari, na ruhusa ya kumtuma ndugu mmoja akalione. Akanyamaza moja kwa moja.

Baadhi yetu walinung'unika kwamba tumepoteza bahati. Lakini fedha ile ilitoka kwa akina mama wauzao mchele na muhogo sokoni. Katika Injili ya Luka, Yezu anamtaja mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuketi huko si upungufu wa imani.

Ndugu vijana, muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Ombeni hati, lioneni gari, ndipo mlipe. Kuuliza si kumhukumu mtu. Ni kulinda amana ya maskini.